Kushoto Kidogo

Mhina amekaa kwenye keria, glavu zimening'inia shingoni,
mimi nakanyaga pedeli.
Tumetoka mazoezini. Jumamosi tunacheza na Muheza.
Nimejiwekea nadhiri: kabla hatujafika kwao,
barabara ya kumi na tisa, nitakuwa nimesema.

Barabara ya pili kuna msiba, turubai limeziba njia.
Jambo lako hulisemi mbele ya msiba wa watu.
Tunashuka, tunakokota, tunatoa pole, tunapanda.

Ya tano naanza: "Mhina..."
Naye: "Breki zako zinalia, fundi baiskeli gani wewe?"
Kweli zinalia. Mganga hajigangi.
Nacheka, na ya sita na ya saba zinapita sijazihesabu.

Mwaka wa nne huu, beki wa kushoto.
Nguo nabadilisha nimeuelekea ukuta.
Mizaha yote nimeicheka, mingine nimeitunga mwenyewe,
ile mikali, ili jicho la mtu lisitue kwangu.
Hilo ndilo linaloniuma:
Mbelwa alikuwa bado amevaa jezi yake, kumi na moja,
nami nilicheka.

Hakuna aliyemfukuza Mbelwa. Hata kuulizwa hakuulizwa.
Ni mpira tu, haukumfikia tena.
Alikimbia pembeni peke yake, mkono juu,
dakika tisini,
kama anayesimamisha gari lisilo na nia ya kusimama.
Mwezi wa pili akaondoka. Mji wetu una msemo wake,
waja leo, waondoka leo;
sisi tuliutumia kufungia mlango.

Ya kumi na moja mama anakaanga mihogo. Ananipungia mwiko.
Anajua kila goli nililofunga, yako matano.
Hajui kwamba Korogwe yuko mwalimu wa hesabu
anayeandika matokeo yetu nyuma ya daftari,
hata tukifungwa.
Mwalimu hanihimizi. Alisema mara moja tu:
sheria unaijua, midomo ya watu unaijua,
miguu ni yako.

Kocha Sebarua husema beki mzuri hachelewi kuamua.
Lakini yeye alikuwa anazungumzia mipira ya juu.

Ya kumi na sita. Ya kumi na saba,
cheni ikachomoka.
Niliinama, vidole vimejaa grisi,
na labda kwa kuwa sikuwa namtazama
nikasema. Maneno manne. Niliiambia cheni.

Kuku wa mtu alikatiza kati yetu.
Mhina akavaa glavu moja, akaivua.
"Wengine wanajua?"
"Wewe tu."
"Usiwaambie." Halafu: "Sijui. Usinisikilize mimi.
Mimi ni kipa. Naona migongo yenu tu."
Akamalizia kwa miguu barabara mbili zilizobaki,
nami nikabaki nimeishika baiskeli
iliyokwisha kutengemaa.

Alhamisi hakunisubiri. Ijumaa alinirushia chupa ya maji
bila neno; nikakaa usiku kucha naipimapima ile chupa:
alinirushia, au alinitupia?

Jumamosi, dakika ya themanini na moja, sisi moja, wao moja.
Mpira wa adhabu, mita ishirini.
Tumejipanga watano, bega kwa bega,
kila mtu kafunika anachokifunika.
Shekiondo kanikamata kiunoni kama siku zote,
hajui amekamata nini.
Macho yangu yako kwenye mpira, masikio yako nyuma.
Shuti siliogopi. Naogopa kimya.
Refa kaweka filimbi mdomoni.

Kisha sauti ile ile, ya kukwaruza, ya miaka yote,
ikiita jina langu kabla ya majina mengine:
"Mndolwa! Kushoto kidogo. Kidogo tena.
Hapo hapo.
Usiondoke hapo."